Orodha ya Sifa na Kifo cha Mhusika katika Tamthilia ya Kiswahili

Katika ufundishaji wa tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya hakuna swali lililozoeleka kuliko hili: eleza sifa na umuhimu wa mhusika fulani. Tangu mtihani wa KCSE ulipofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, aghalabu kinachobadilika katika swali hilo ni jina la mhusika tu. Mwanafunzi aliyeko Maua, kwenye miteremko ya Nyambene, na mwenzake aliyeko Lamu hulijibu kwa namna moja. Huandika kwamba mhusika ni jasiri, ni mwenye msimamo, ni mzalendo, ni mwenye busara. Au kwamba ni katili, ni mlafi, ni msaliti, ni kibaraka. Kila sifa hufuatwa na ithibati ya mstari mmoja, na kila ithibati huvuna alama yake. Kisha hufuata umuhimu: huyu ni kielelezo cha viongozi wadhalimu, yule ni kiwakilishi cha wanawake waliozinduka. Baada ya hapo mhusika huwa amekwisha. Amechinjwa, amepimwa, amegawanywa, na hakuna kilichosalia cha kuulizwa.

Lawama hii haimwangukii mwalimu wa shule ya upili peke yake, ambaye ana silabasi ya kumaliza na watahiniwa wa kuwavusha. Mazoea hayo yamepanda ngazi hadi vyuo vikuu. Tasnifu nyingi za uzamili huwa na sura iitwayo ‘Usawiri wa Wahusika’, na ndani ya sura hiyo hukaa orodha ile ile ya kidato cha nne, ila imevikwa joho la nadharia. Palipoandikwa ‘mwenye msimamo’ sasa pameandikwa ‘anakaidi mfumo dume’. Palipoandikwa ‘mlafi’ pameandikwa ‘zao la ubepari’. Istilahi zimenona, lakini swali limebaki jembamba. Makala haya yanadai kwamba orodha ya sifa humwua mhusika wa tamthilia badala ya kumweleza. Na kwa kuwa watunzi wengi wa leo walilelewa na uhakiki huo kabla hawajashika kalamu, sasa maiti inaandikwa moja kwa moja, pasipo kupitia uhai.

Chanzo kimojawapo cha kadhia hii ni kuazima kusikokuwa na hadhari. Istilahi za ‘mhusika bapa’ na ‘mhusika duara’, ambazo hakuna mhadhara wa utangulizi unaozikosa, zilitokana na mihadhara ya E. M. Forster iliyochapishwa mwaka 1927. Mihadhara hiyo ilihusu riwaya. Katika riwaya yupo msimulizi anayeweza kuingia kifuani mwa mtu, akatoka na habari ambazo mtu mwenyewe hazijui. Jukwaani msimulizi huyo hayupo, na anapokuwapo huwa naye ni mtu mmojawapo jukwaani, anayetazamwa na kutiliwa shaka kama wengine. Mtu wa tamthilia hujulikana kwa lile analomtendea mtu mwingine aliyesimama mbele yake, na kwa lile analokataa kulitenda wakati kila mtu ukumbini anamngojea alitende. Hata anapozungumza peke yake, huwa anajishawishi, anajidanganya au anajiandaa kwa tendo. Aristotle, ambaye wahakiki hupenda kumtaja kisha wakampita, alilitanguliza tendo mbele ya tabia, akaongeza kwamba tabia hudhihirika pale ambapo mtu anachagua au anaepa jambo, na kwamba maneno yasiyokuwa na uchaguzi ndani yake hayana tabia yoyote. Kipimo hicho ni kikali. Kikitumiwa kwa haki, kurasa nyingi za tamthilia za Kiswahili zitaonekana kuwa hazina mtu ndani yake, ingawa zimejaa majina.

Majina yenyewe ni ushahidi. Mbinu ya majazi, yaani kumpa mhusika jina linalotangaza tabia yake, ina asili ya heshima katika ngano na katika mashairi ya mafumbo, na mtunzi hodari anaweza kuitumia kwa kejeli, jina likaenda huku na mtu akaenda kule. Lakini imegeuka kuwa lebo ya bidhaa dukani. Mtawala akiitwa joka, hadhira huwa imekwisha kuhukumu kabla hajafungua kinywa. Na akishafungua, hawezi kusema neno la kuishangaza. Mwanafunzi hufurahi kwa kuwa sifa ya kwanza ameipata bure. Mwigizaji hafurahi, maana amepewa vazi badala ya mtu.

Kinyume cha hayo kipo, na kimekuwapo tangu 1969, mwaka ambao Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile. Ni tamthilia inayosifiwa kila mahali na kufuatwa mahali pachache. Historia ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905 mwanzoni mwa vita vya Maji Maji, ilimpa Hussein kila kishawishi cha kuunda sanamu ya shujaa wa taifa. Tanzania ilikuwa changa, Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miaka miwili, na hadhira ilikuwa tayari kupiga makofi. Hussein mwenyewe alionya katika utangulizi wake kwamba mtu wa tamthilia hii ni kiumbe cha sanaa, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Onyo hilo aghalabu hunukuliwa kama suala la ukweli wa kihistoria tu. Uzito wake hasa uko katika uumbaji wa mhusika: kwa kujitenga na sanamu, mtunzi alipata nafasi ya kumpa mtu wake shaka.

Kinjeketile anatoka mtoni na maji, na neno. Neno hilo linawaunganisha watu ambao hakuna kilichowahi kuwaunganisha. Kisha, akiwa peke yake na fikira zake, analichunguza neno alilolisema, anaona ndani yake kitu kinachomtisha, yaani ahadi ya kutoka chini ya Mjerumani na kuingia chini ya Seyyid Said, na anaanza kujiuliza ni nani aliyesema kwa kinywa chake. Hapo ndipo mtu anapozaliwa. Akikana maji, anauvunja umoja ambao bila maji usingekuwapo. Akiyathibitisha, anawapeleka watu kwenye bunduki. Anajaribu njia ya tatu, kuwachelewesha, lakini vita vinaanza bila ya amri yake. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, na hata Kitunda, ambaye si mwoga wala msaliti, anamsihi aseme hivyo. Anakataa. Anajua kwamba neno la kukana litatumiwa na Mjerumani kuwaambia watoto wa kesho kwamba baba zao walikosea kupigana.

Sasa orodha ya sifa na ijaribiwe hapa. Je, Kinjeketile ni mkweli au mwongo? Anakataa kusema jambo ambalo yamkini ni la kweli, kwa ajili ya ukweli mwingine ulio mkubwa zaidi. Je, ni jasiri? Sehemu kubwa ya mchezo anaogopa, na anachokiogopa ni kazi yake mwenyewe. Je, ni kiongozi? Watu wanakwenda vitani asikowapeleka. Mtahini mwenye haki angelazimika kutoa alama kwa kila jibu na kwa kinyume chake, na mwongozo wa kusahihishia ungechanika. Hadhira, kwa upande wake, haichoki. Inakaa mbele ya mtu anayetaka mambo mawili ambayo hayawezi kupatikana pamoja, na ambaye hana budi kuchagua mbele ya macho yao. Siri ya mhusika anayeshika hadhira haizidi hapo kwa mengi.

Hoja inaweza kusogezwa karibu zaidi na Meru kwa kumtazama Kithaka wa Mberia, mwenyeji wa Tharaka, mwanaisimu na mshairi, ambaye tamthilia zake Natala (1997), Kifo Kisimani (2001) na Maua kwenye Jua la Asubuhi (2004) zimesomwa sana madarasani. Kuhusu Natala, uhakiki umefanya lile linalotarajiwa: umemchukua mwanamke anayekataa kurithiwa, ukamtundika kama bango. Kila anayemwandikia humsifu. Ni nadra kumpata anayeuliza kukataa kwake kunamgharimu nini asubuhi ya siku ya pili, anapokwenda kisimani na kuwakuta wanawake wengine. Lakini ni Kifo Kisimani kinachostahili kusimamiwa kwa muda, kwa sababu ndani yake kuna kielelezo cha maradhi na cha dawa kwa pamoja.

Mwelusi, mpinzani wa Bokono katika nchi ya Butangi, anataka haki kwa watu wote. Ni matakwa matukufu, na kwa sababu ni matukufu, ni magumu kuigizwa. Anayetaka jambo kwa ajili ya wote hana jambo la peke yake la kupoteza ila uhai, na hadhira imekwisha kujua tangu kichwa cha mchezo kwamba uhai huo utapotea. Mateso yanaweza kuongezwa, hotuba zinaweza kurefushwa. Mtu habadiliki, wala hawezi kubadilika, maana kubadilika kwake kungekuwa usaliti. Gege ndiye anayebadilika. Huyu ni kijana wa nyumbani, anayeahidiwa binti ya mtawala na kuukubali mkono wa muuaji. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Gege ndiye kiumbe cha methali hiyo. Ana tamaa yake mwenyewe, ina sura na jina, na imesimama mkabala na damu yake. Kila anapoingia jukwaani swali linaingia naye: je, atafanya? Mwelusi akiingia, swali halipo. Hata hivyo miongozo ya kusomea humpa Mwelusi kurasa, na humfunga Gege kwa neno moja, ‘msaliti’, kana kwamba neno hilo ni jibu.

Jadi ilikuwa na hekima kuliko miongozo. Ngano ya Fumo Liongo, ambayo mwangwi wake unasikika waziwazi katika Kifo Kisimani, haikumfanya mwana msaliti kuwa pambo. Ilimpa ahadi ya kuoa, ilimpa safari ya kumwuliza baba siri ya kifo chake, ilimpa sindano ya shaba. Na ilimpa baba fahamu: katika baadhi ya masimulizi Liongo anahisi hila na bado anasema. Kwa nini anasema? Wapwani wamelijadili swali hilo vizazi kwa vizazi. Kisha maiti inapiga goti kando ya kisima, upinde mkononi, na watu wa mji hawathubutu kuteka maji kwa siku kadhaa. Msimulizi wa kale hakuwa na istilahi ya ‘usawiri’. Alijua tu kwamba mwana na baba wote wawili lazima wawe na kitu cha kupoteza.

Mfano wa tatu, wa karibuni zaidi, ni Kigogo ya Pauline Kea, iliyotahiniwa kabla ya zamu kuifikia Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Maswali mengi ya mitihani ya majaribio yalimhusu Tunu, mwanaharakati asiyetetereka wa Sagamoyo, na Majoka, mtawala wake. Mtu aliye hai zaidi katika mchezo huo ni Ashua. Ana elimu, ana mume mchongaji asiyekubali kumchongea dhalimu kinyago, ana watoto, na hana chakula. Anakwenda kuomba msaada pasipostahili kuombwa, anaishia kizuizini, na humo kizuizini anamdai mumewe talaka kwa kuwa amechoka na umaskini. Hakuna sentensi katika mchezo mzima inayomweka Sudi kwenye mizani kama hiyo. Msimamo wake wa kisanii, ambao hadi hapo ulikuwa wa bei nafuu, sasa una bei, na bei inatamkwa na mtu anayempenda. Ashua akifungiwa katika sifa ya ‘mwenye tamaa’ au ‘asiye na msimamo’, kama ilivyokuwa ikifanywa madarasani, basi sehemu bora ya tamthilia hiyo imetupwa jaani. Na mwandishi kijana anayeisoma miongozo hiyo anajifunza nini? Kwamba akitaka kusifiwa, aumbe akina Tunu.

Yapo majibu yatakayotolewa dhidi ya hoja hizi, na mojawapo lina uzito. Itasemwa kwamba tamthilia ya Afrika Mashariki ilizaliwa katika mapambano, na kwamba mapambano yanahitaji mashujaa ambao umma unaweza kuwafuata bila kubabaika. Itakumbushwa kwamba Ngũgĩ wa Thiong’o alitiwa kizuizini mwishoni mwa 1977 baada ya mchezo wa Kamĩrĩĩthũ kupigwa marufuku. Kwamba Alamin Mazrui alifungwa bila kushtakiwa mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya kuchapishwa kwa Kilio cha Haki. Kwamba mwandishi aliyekuwa akihatarisha uhuru wake hakuwa na anasa ya kumpa adui utu na kumpa shujaa shaka. Historia hiyo ni ya kweli na haipaswi kusahauliwa. Lakini haiwezi kuwa hati ya kinga kwa kila mchezo ulioandikwa tangu siku hizo. Hata Mzalendo Kimathi, tafsiri ya 1978 ya mchezo wa Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo, ambao kwa makusudi unamjenga Kimathi kuwa mwamba, unapata joto lake la pekee pale mwamba unapopasuka kidogo: kiongozi anasita kumhukumu ndugu yake wa damu, na kusita huko kunagharimu. Watunzi walijua. Waliobaki na mwamba wakautupa ufa ni wahakiki.

Jibu jingine, kwamba hadhira ya vijijini haielewi wahusika changamano, halistahili wino mwingi. Hadhira iliyosikiliza kesi za ardhi chini ya mti, iliyokaa matangani na kuwasikia wake wenza wakigombea kaburi, haihitaji kufundishwa kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na haki na makosa kwa wakati mmoja.

Na hapa ndipo uchaguzi wa mahali unapoingia. Butangi na Sagamoyo ni nchi za kubuni, na zamani zilikuwa ngao. Mtunzi aliweza kusema ndani yake lile asiloweza kulisema Nairobi. Ngao hiyo imegeuka kuwa mazoea. Nchi isiyokuwa na zao lake, bei zake, dini zake na aibu zake huwapa wahusika nafasi kubwa mno ya kuwa mawazo matupu. Mtunzi akiiacha nchi hiyo na kuwasimamisha watu wake Maua, makao ya Igembe, atagundua haraka kwamba orodha haifanyi kazi.

Mathalani, mfanyabiashara wa miraa. Katika michezo ya shule huyu ni mtu aliyekwisha kuandikwa: tumbo, kofia, shavu lililojaa, noti mfukoni, na macho yanayowafuata wasichana wa shule. Anaingia ili alaaniwe. Wakazi wa Maua wanamjua mtu mwingine. Wanajua kwamba surba iliyochumwa alfajiri inaanza kufa papo hapo, kwamba imefungwa kwa majani ya mgomba ili kuuchelewesha unyaukaji, na kwamba baada ya siku mbili tatu ni takataka; kwa hiyo maisha yake yote ni mbio dhidi ya saa. Wanajua kwamba Uholanzi ilifunga mlango mwaka 2013, Uingereza tarehe 24 Juni 2014, na Somalia kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, na kwamba kila mlango ulipofungwa karo za shule zilitikisika. Wanajua pia kwamba kifurushi cha miraa hupelekwa kwa heshima kwa wazazi wa msichana anayeposwa, na kwamba mchungaji anayeikemea Jumapili huenda ana waumini ambao sadaka yao ilitoka shambani kwenye mmea huo huo. Mtunzi na amweke mtu huyu kando ya gari ambalo lazima liondoke sasa hivi, na binti yake, aliyesomeshwa kwa miraa, asimame mbele yake akimwambia kwamba kaka yake hajalala kwa siku ya tatu kwa sababu ya kutafuna. Gari linanguruma. Hapo hakuna haja ya tumbo wala kofia.

Lakini Meru ina kisa kikubwa zaidi ya hicho, na ni ajabu kwamba tamthilia ya Kiswahili imekipita kimya. Mwezi wa Aprili 1956, katikati ya Hali ya Hatari, baraza la wazee la Njuri Ncheke, kwa kushirikiana na maafisa wa serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku tohara ya wasichana katika Wilaya ya Meru. Wasichana waliitikia kwa kutahiriana wenyewe kwa wenyewe, kwa nyembe zilizonunuliwa madukani. Waliitwa Ngaitana, yaani ‘nitajitahiri’. Mwanahistoria Lynn Thomas, aliyezipekua kumbukumbu na kuwahoji wenyeji, ameonyesha kwamba kati ya 1956 na 1959 watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika kwa kukiuka marufuku hiyo.

Orodha ya sifa na iletwe. Msichana wa Ngaitana ni mhafidhina, kwa kuwa anaitetea mila. Ni mwanamapinduzi, kwa kuwa anawaasi wazee, machifu, wamisheni na Mzungu kwa pamoja. Ni mwanamke aliyezinduka, maana mwili ni wake na uamuzi ni wake. Ni mhasiriwa wa mfumo dume, maana anauumiza mwili huo ili aweze kuolewa na kuitwa mtu mzima. Sifa zote nne ni sahihi na hakuna hata moja inayomgusa. Na wazee je? Wale waliokuwa walinzi wa mila sasa wamekuwa polisi dhidi yake, na baadhi yao wana mabinti. Nyanya, ambaye zamani angeisimamia sherehe yenye nyimbo, mafunzo na siku za kupona, anaitwa usiku kuona kama jeraha lililofanywa na mtoto mwenzake limekaa sawa. Anakasirika kwa sababu gani: kwa kuwa wamejikata, au kwa kuwa wamejikata vibaya, au kwa kuwa hawakumwita?

Sababu ya kimya cha watunzi si ngumu kuikisia. Ukeketaji ni kosa la jinai nchini Kenya, na sheria ya mwaka 2011 iliyakaza zaidi makatazo yaliyotangulia. Hakuna mwandishi mwenye akili timamu anayetaka aonekane akiutetea, na makala haya hayautetei. Tharaka yenyewe ilianzisha mwaka 1996 njia mbadala, Ntanira na Mũgambo, ‘tohara kwa maneno’, ambayo imebakiza mafunzo na kuondoa kisu. Kwa hiyo mchezo salama umekwisha kujulikana: msichana anakimbia, mwalimu mwema anampokea, nyanya mwovu anakamatwa na polisi, pazia linafungwa, waamuzi wa tamasha wanaandika alama. Wasichana wanaookolewa kwa kweli wanastahili sifa. Mchezo huo haustahili. Unamwambia mtazamaji jambo alilokwisha kulikubali, kwa vinywa vya watu ambao hawakuwahi kuwa na njia nyingine ya kwenda. Wala haumsaidii msichana wa leo, ambaye adui yake mkubwa pengine si mnyapara wa mila mwenye kisu bali hamu yake mwenyewe ya kutochekwa na wenzake. Hamu hiyo haimo katika mwongozo wowote. Wasichana wa 1956 walikuwa nayo, na waliifuata hadi mahakamani.

Kumwelewa mhusika hakumlazimishi mtunzi kukubaliana naye. Anachotakiwa kukifanya ni kumpa sababu ambazo mhusika mwenyewe angezitambua kuwa ni zake, na kumweka mbele ya mtu mwenye sababu nzuri kama hizo za kumzuia. Mkoloni hafai kwa kazi hiyo. Ni rahisi mno kumchukia. Chifu naye ni rahisi. Anayefaa ni mtu wa pembeni ambaye historia haikumtaja: mwenye duka. Nyembe zilinunuliwa mahali fulani, kwa mtu fulani, na mtu huyo aliona ni nani anayenunua. Iwapo mtunzi atamweka katika sehemu za Maua, mtu huyo huenda amebatizwa na Wamethodisti, ameapa kanisani kuiacha tohara, ana leseni ya biashara ambayo afisa anaweza kuifuta, na ana binti wa umri ule ule. Wasichana watatu wanasimama mbele ya meza yake. Mmoja ameshika sarafu ndani ya kiganja, na sarafu imelowa jasho. Wanaomba wembe mmoja. Hakuna mzazi aliyewatuma na hawasemi kwamba wametumwa. Nje, askari wa chifu anapita. Mwenye duka anaujua wembe huo ni wa nini, nao wanajua kwamba anajua, akikataa, watatumia kitu kingine, chenye kutu, akiuza, ameshiriki, akipiga kelele, watoto wa majirani zake watalala mahabusu. Na nyuma yake, kwenye mlango wa chumba cha ndani, binti yake mwenyewe amesimama, akitazama atakavyofanya.